Anakariri au Anajua? Ushauri kwa Wazazi na Walimu wa Singida

Maswali yanayotoka Singida kuhusu masomo ya watoto hutofautiana maneno tu. Mzazi wa Ikungi anasema binti yake hakosi kwenye watano bora wa darasa, ila akitumwa kuuza vitunguu anarudi amepunjwa. Mwalimu wa Mkalama anasema darasa lake huitikia kwa sauti moja, lakini akigeuza swali kidogo tu, hakuna mkono unaonyooshwa. Baba mmoja wa Manyoni anauliza kama amwachishe mwanawe shule ampeleke gereji. Wote wanataka kujua jambo moja: mtoto akiacha kukariri, ashike nini?

Naanza na jambo ambalo wengine hawatalipenda. Kukariri hakuko kwenye daftari peke yake. Mtoto anayepalilia alizeti msimu hadi msimu bila kuulizwa chochote, naye anakariri, ila anakariri kwa mikono. Ukimnyang'anya daftari ukamkabidhi jembe, hujamsaidia. Kote kuwili angalia mambo mawili: je, kuna chochote anachoamua mwenyewe? Na je, anaweza kukupa sababu ya uamuzi wake?

Mpime kwanza

Usimuulize, "Umeelewa?" Atajibu ndiyo, maana ndilo jibu linalomwondolea usumbufu. Fanya hivi:

- Geuza swali. Kama anajua kwamba 12 mara 8 ni 96, muulize magunia 96 yatapakiwa kwa safari ngapi iwapo gari linabeba 12. Akikwama, ana wimbo wa jedwali, hesabu bado hana.
- Mwambie amfundishe mwingine. Amweleze mdogo wake, au bibi yake kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo. Anayejua hupata maneno hata kwa lugha ya nyumbani. Aliyekariri hurudia sentensi ya kitabu ilivyo.
- Mpeleke kwenye kitu chenyewe. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi.

Chukua alizeti, maana kwenu ipo kila upande. Karibu kila mtoto atakuambia kwamba alizeti hulifuata jua. Mwambie aende shambani asubuhi, mchana na jioni, siku mbili tatu mfululizo, aandike kichwa kimeelekea wapi. Miche michanga yenye tumba ataikuta kweli inageuka na jua kutoka mashariki hadi magharibi. Kwenye mimea iliyokwisha kuchanua na kukomaa ataona kingine: vichwa vingi vimetulia vinatazama mashariki tangu asubuhi hadi jioni. Sentensi aliyoishika haikuwa uongo, ila ilikuwa nusu. Mtoto aliyeligundua hilo kwa macho yake hatamwamini tena kirahisi mtu anayempa nusu ya jambo, akiwemo wewe. Jiandae.

Yapo ya kukariri, wala usione haya

Wasomaji wengine, wakishasikia haya, wanataka kufuta kukariri kabisa. Hapana. Mtoto ambaye hadi darasa la tano bado anahesabu 7 mara 8 kwa vidole hatapata nafasi ya kufikiri juu ya faida na hasara, akili yote itaishia kwenye vidole. Akariri:

- herufi na silabi, mpaka asome bila kugugumia;
- jedwali la kuzidisha hadi 12;
- vipimo vya kawaida: gramu, kilo, lita, mita, ekari;
- msamiati wa Kiingereza atakaouhitaji sekondari, maneno machache kila siku.

Orodha yangu inaishia hapo. Sababu za mmomonyoko wa udongo, kazi za mizizi, hatua za kuandaa shamba, hayo ayaone kwanza, kisha ayaseme.

Pigo la kidato cha kwanza

Hapa ndipo watoto wengi wazuri huanza kukariri kwa lazima. Kwenye shule za msingi za serikali amesoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu ghafla baiolojia, jiografia na fizikia zinakuja kwa Kiingereza. Asichokielewa hukimeza, kwa sababu mtihani unakitaka na muda hautoshi. Usimwite mvivu. Msaidie hivi:

1. Kabla mada mpya haijaanza, aisome au aelezwe kwa Kiswahili. Vitabu vya msingi vya darasa la sita na la saba vina mada nyingi zinazorudi sekondari, avitunze badala ya kuvigawa.
2. Awe na daftari dogo la maneno. Upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili maana kwa Kiswahili na mfano wa nyumbani.
3. Baada ya kipindi aeleze kwa Kiswahili alichosikia, kisha aandike sentensi tatu tu za Kiingereza alizozitunga mwenyewe. Zikiwa na makosa, zina thamani kuliko ukurasa mzima alionakili ubaoni.

Onyo: usimkataze Kiswahili nyumbani ukidhani unamsaidia Kiingereza. Utamnyang'anya chombo pekee alicho nacho cha kufikiria.

"Lakini watoto wetu wanafanya kazi tayari"

Pingamizi hili ni la haki. Mtoto wa Singida huchunga mbuzi, huteka maji, huvuna mtama. Mnataka stadi gani tena?

Nchi hii imewahi kujaribu kuunganisha shule na kazi kwa ukubwa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe pia shamba na karakana, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua. Waliosoma miaka iliyofuata watakuambia kilichobaki kwenye shule nyingi: jembe lilibaki, kupanga na kuamua kukatoweka. Mwanafunzi alilima shamba la shule bila kujua mavuno yameuzwa kwa kiasi gani, na aliyechelewa namba alipewa kipande cha kulima kama adhabu. Ukimwadhibu mtoto kwa kilimo, usishangae akikua anakichukia kilimo. Walimu wenzangu, jambo hilo bado lipo, na lingekoma muhula huu huu kama mngetaka.

Basi tofauti ya kazi na stadi ni hii: kazi anaagizwa, stadi ana sehemu anayoimiliki, anayoiamulia na anayoitolea hesabu. Kwa mkoa wenu, pa kuanzia pazuri ni kuku wa kienyeji, ambao hata abiria wa mabasi ya Mwanza na Dar es Salaam wanawajua. Kuku hahitaji ekari, halali njaa kwa ukame kama bustani, na ndani ya wiki chache mtoto ameona matokeo.

Mradi wa tetea mmoja

Unafaa kwa mtoto wa darasa la nne na kuendelea.

1. *Mpe tetea mmoja awe wake kweli.* Sema mbele ya nyumba nzima. Mgeni akija, tetea huyo hachinjwi.
2. *Mpe daftari.* Kila siku aandike tarehe, mayai, chakula, na jambo lolote jipya. Mistari miwili inatosha.
3. *Kabla ya kuatamisha, atabiri.* Ataweka mayai mangapi, na kwa nini? Mayai 10 hadi 12 humtosha tetea wa kienyeji. Mwache achague, hata akikosea.
4. *Siku ya saba amulike mayai* usiku kwa tochi, yai likiwa mbele ya mwanga. Lenye mishipa myekundu lina uhai. Lililo angavu tupu halikurutubishwa. Hilo ni somo zima la uzazi, na halihitaji maabara.
5. *Siku ya 21 ahesabu.* Mayai 12 yakitoa vifaranga tisa, ni asilimia ngapi? Hapo asilimia 75 inakuwa kitu chenye manyoya, na hataisahau.
6. *Kila kifaranga kinachokufa kiandikiwe sababu:* mwewe, kicheche, baridi, ugonjwa, au "sijui". Neno "sijui" liruhusiwe, maana ndilo litakalompeleka kwa afisa mifugo wa kata.
7. *Akiuza, apige hesabu mwenyewe:* chakula, chanjo, kilichokufa, kilichobaki. Sehemu ya fedha iwe yake.

Onyo kuhusu kideri, wengine wanaita mdondo: ugonjwa huu hufagia banda zima, na kiangazi ndio wakati wake. Chanjo ya tone la jicho ni nafuu, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mtoto aandike tarehe ya kurudia kwenye jalada la daftari. Familia nyingi huanza mradi Julai bila chanjo, kuku wanakufa Septemba, halafu mzazi anasema, "Nilijua mambo haya hayafai." Yanafaa sana, ila chanjo haikutolewa.

Makosa mengine ninayoyaona:

- Baba anachukua fedha yote ya mauzo "kwa matumizi ya nyumbani". Mradi umeishia hapo. Kama shida ni ya kweli, kopa kwa mtoto, iandikwe daftarini, urudishe.
- Mama anafanya kazi yote asubuhi kwa kumhurumia mtoto, mtoto anaandika tu.
- Mradi wa kuku kumi kwa kuanzia. Mmoja anatosha, idadi ije baadaye.
- Wavulana wanapewa mifugo, wasichana wanabaki na kufagia banda. Sihitaji kueleza zaidi.

Ukiwa huna kuku

Vitunguu vina hesabu nzuri kuliko kitabu chochote cha darasa la saba. Mtoto apime lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Tuseme gunia limeuzwa kama la kilo 100, na kwenye mizani lina 130. Kilo 30 zimekwenda bure, zaidi ya moja ya tano ya mzigo wote. Aeleze kwa nini Wakala wa Vipimo wanaikataza lumbesa, na kwa nini bado inapakiwa. Swali la pili ni gumu, na halina jibu nyuma ya kitabu.

Alizeti: auze mbegu au akamue? Aende kwenye mashine akiwa na mtu mzima, aulize ada ya kukamua, gunia limetoa lita ngapi, mashudu yana bei gani, kisha alinganishe na bei ya mbegu siku hiyo. Mara nyingine jibu litakuwa "uza mbegu", na ni sawa. Asikaribie mikanda ya mashine.

Asali ya Itigi na Manyoni ni jambo la kujivunia, lakini kurina si kazi ya mtoto. Ahesabu mizinga yenye nyuki, aandike miti inayochanua na miezi yake, achuje na kufungasha. Moto na nyuki mwachie mzoefu. Hali kadhalika viuatilifu vya bustani: mtoto asipulizie, hata kama jirani anamruhusu wake.

Kipaji utakijuaje?

Swali hili huja na picha ya mtoto anayecheza mpira. Kipaji usikitafute kwenye kile anachosifiwa. Tazama anachokirudia asipoagizwa, hasa baada ya kushindwa. Mtoto anayefungua redio iliyokufa, akashindwa kuifunga, na kesho akaifungua tena, huyo mwangalie. Anayeimba kanisani siku ya sikukuu tu akapigiwa makofi, subiri kidogo.

Mkoa wenu una mfano ambao dunia imeuona. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alishika nafasi ya tano kwenye marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na Septemba 15, 2025 akashinda dhahabu ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, tofauti ya sekunde 0.03 tu na Mjerumani Amanal Petros. Wasomaji huniletea jina hilo kama ushahidi kwamba mtoto aache shule akimbie. Mimi naliona kinyume chake. Kati ya Rio na Tokyo kuna miaka tisa ya mazoezi, na humo ndani yapo mashindano ambayo hakupanda jukwaani. Kama unataka kulea kipaji, lea mazoea ya kurudi mazoezini baada ya kushindwa. Shule haizuii hilo.

Cha kufanya:

- Mpe muda maalumu kwa wiki, usioliwa na kazi za nyumbani wala twisheni.
- Mtafutie mtu mmoja anayekijua kitu hicho: fundi, mchezaji wa zamani, mwalimu wa muziki wa kwaya. Saa moja na mtu huyo ina faida kuliko zawadi ya vifaa.
- Usitangaze kwa ndugu kwamba "huyu ni mwanamuziki". Akibadili mawazo mwakani, asione amekuaibisha.

Mkondo wa amali: uliza kabla ya kujaza fomu

Tangu Januari 2024 mitaala mipya imeanza kutumika, na sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Kwenye amali mwanafunzi husoma fani kama kilimo, ufugaji, ushonaji, umeme, ujenzi, michezo au muziki, pamoja na masomo mengine ya sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, pia imefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanatarajiwa kumaliza msingi darasa la sita mwaka 2027. Kama mwanao yumo humo, anza kufikiria mkondo mapema kuliko ulivyofanya kwa kaka yake.

Jina "amali" kwenye kibao cha shule halitoshi. Nenda kwa mkuu wa shule ukaulize:

- Fani gani zinafundishwa hasa, na mwalimu wa kila fani yupo leo?
- Karakana iko wapi? Omba kuiona. Cherehani zilizofungiwa stoo si karakana.
- Kwa wiki mwanafunzi anashika kifaa saa ngapi?
- Akimaliza kidato cha nne anapimwa vipi kwa vitendo, anapata cheti gani, na anaweza kuendelea wapi?

Mkuu wa shule asipokuwa na majibu ya mawili ya kwanza, mkondo wa jumla pamoja na mradi wa nyumbani unaweza kumfaa mwanao zaidi. Nasema hivyo nikiwa napenda amali. Amali ya ubaoni ni kukariri kulekule, ila sasa anakariri majina ya nyundo.

Kwamba amali ni ya walioshindwa? Hilo ni letu sisi wazazi, watoto hawakulianzisha. Tunamdharau fundi mpaka siku mashine ya alizeti inapokwama katikati ya msimu.

Kwa yule baba wa Manyoni: usimwachishe shule. Gereji iwe likizo na Jumamosi, chini ya fundi unayemjua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi nyepesi, kwa hiyo mdogo zaidi ya hapo asifanywe saidia fundi. Na kwa kijana mkubwa aliyejifunza ufundi mtaani bila cheti, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa alichonacho, anaongezewa kinachopungua, anapewa cheti. Aanzie kwenye chuo cha VETA cha mkoa.

Na mtihani je?

Mtihani upo, na atakayekuambia uudharau hamlipii mwanao ada. Baraza la Mitihani liliacha Januari 2023 kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, lakini mashindano ya wazazi hayakuacha. Mtoto anayeelewa anahitaji pia kuuzoea mtihani, ila kwa mpangilio.

Mitihani ya miaka iliyopita isiwe kitabu cha kiada kuanzia darasa la tano. Ije mada zikiisha. Na kwenye maswali ya kuchagua, asikubaliwe kutaja herufi tu. Aeleze kwa nini kila jibu jingine si sahihi. Maswali matano ya namna hiyo yanachosha kuliko 50 ya kuchagua herufi, na yanafundisha zaidi. Baada ya mtihani wa utimilifu (mock), wiki nzima iwe ya kurudia makosa yake mwenyewe. Kupewa karatasi mpya kunamfurahisha mwalimu wa taaluma tu.

Kambi za usiku? Mtoto asiyelala hakumbuki hata alichokariri.

Mwalimu mwenye wanafunzi 80

Najua huna karakana, na muhtasari unakukimbiza. Fanya mawili tu. Kila kipindi, simama dakika mbili, wanafunzi wawili wawili waelezane ulichosema, kisha mwite mmoja aseme alichosikia *kwa mwenzake*. Na kila wiki toa swali moja linalojibiwa nje ya darasa: kivuli cha mlingoti saa tatu na saa sita, maji yanayopotea bombani, bei ya alizeti kwa mashine mbili tofauti. Kuitikia kwa pamoja kupunguze. Kunaficha wasiojua nyuma ya wanaojua, na wewe unaondoka umeridhika bure.

Kwa mzazi asiyejua kusoma

Wengi wenu mnauliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu kuliko wengine, kwa sababu kwako mtoto hawezi kusoma sentensi ya kitabu akadhani amejibu. Lazima akueleze mpaka wewe uelewe. Jumapili jioni, kaa naye na daftari la kuku. Asome kwa sauti. Muulize maswali matatu: umefanya nini wiki hii, kwa nini umefanya hivyo, na ungefanyaje kama mvua ingenyesha au chakula kingeisha? Halafu nendeni bandani mkahesabu. Kuku wa daftarini wasipolingana na wa bandani, usimtajie kosa hata kama umeliona. Mpe mpaka Jumapili ijayo alitafute mwenyewe.